Sindano ya Oksitetrasaiklini kwa Ng'ombe wa Maziwa

Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Iringa, na kusini zaidi katika nyanda za Mufindi, ng'ombe wa maziwa hufugwa katika mabanda yaliyo karibu na nyumba za kuishi. Hali ya hewa ya baridi huwafaa ng'ombe wa asili ya Ulaya, kama vile Friesian na Ayrshire, pamoja na machotara wao. Kaya nyingi zina ng'ombe mmoja au wawili tu. Kutokana na ng'ombe hao hupatikana maziwa ya watoto, samadi ya shamba la mahindi, na fedha za ada ya shule.

Ng'ombe wa namna hiyo anapoacha kula na mwili wake ukawa wa moto, dawa inayotafutwa kwanza mara nyingi ni kichupa chenye maji ya manjano ambayo wafugaji huyaita OTC. Herufi hizo ni kifupisho cha oksitetrasaiklini, mojawapo ya viuavijasumu, yaani antibiotiki, vinavyotumiwa sana katika tiba ya mifugo. Dawa hii ni nzuri, na imeokoa mifugo kwa zaidi ya miaka 70. Lakini uzuri wake hutegemea majibu ya maswali manne: Je, ugonjwa ni upi? Kipimo ni kiasi gani? Dawa ichomwe wapi na kwa namna gani? Na baada ya sindano, maziwa yasubiri hadi lini? Makala haya yanaeleza sayansi iliyomo katika kila swali. Hayakusudiwi kumfanya msomaji kuwa tabibu wa mifugo, kwani chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 tiba ya wanyama ni kazi ya wataalamu walioandikishwa. Yanakusudia kumwezesha kuelewa kwa nini mtaalamu hutenda kama atendavyo.

Asili ya dawa na namna ifanyavyo kazi

Oksitetrasaiklini hutengenezwa na bakteria wa udongoni aitwaye Streptomyces rimosus. Neno la Kilatini rimosus lina maana ya "wenye mipasuko", kwa sababu kundi la bakteria hao likikuzwa maabara uso wake hupasuka kama tope lililokauka. Dawa hii ilitangazwa huko Marekani mwaka 1950, miaka miwili baada ya ndugu yake wa kwanza, klorotetrasaiklini.

Kila chembe hai huhitaji kutengeneza protini ili ikue na kugawanyika. Kazi hiyo hufanyika katika viwanda vidogo sana vilivyomo ndani ya chembe, viitwavyo ribosomu. Oksitetrasaiklini hujishika kwenye ribosomu ya bakteria na kuzuia malighafi ya protini isiingie. Ribosomu za mnyama zina umbo tofauti na hazishikwi kwa urahisi. Ndiyo sababu dawa humdhoofisha bakteria bila kumuua ng'ombe.

Ni muhimu kukumbuka kuwa dawa hii haimuui bakteria moja kwa moja, bali humzuia asizaane. Kazi ya kumaliza maadui waliozuiwa hufanywa na kinga ya mwili wa mnyama mwenyewe. Kwa hiyo kiasi cha dawa katika damu hakina budi kubaki juu kwa siku kadhaa. Kikishuka mapema, bakteria waliobaki huanza tena kuzaana. Kwa sababu hiyo hiyo, si busara kuichanganya na penisilini. Penisilini huua bakteria walio katika harakati za kukua, na oksitetrasaiklini ndiyo inayosimamisha kukua huko.

Swali la kwanza: Ugonjwa ni upi?

Homa si jina la ugonjwa, ni dalili. Joto la kawaida la ng'ombe mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.3 za Selsiasi. Kipimajoto kikionyesha nyuzi 40 au 41, kinachojulikana ni kuwa mwili unapambana na adui. Adui huyo ni nani, kipimajoto hakisemi.

Katika Mkoa wa Iringa, hususan sehemu za chini zenye joto kama Pawaga na Idodi, kupe hueneza magonjwa kadhaa yanayoanza kwa homa. Ndigana baridi husababishwa na bakteria aitwaye Anaplasma marginale, ambaye hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Mnyama hudhoofika, ufizi hupauka au huwa wa manjano, na kinyesi huwa kigumu. Maji moyo nao husababishwa na bakteria. Magonjwa haya mawili hutibika kwa oksitetrasaiklini ikiwa tiba itaanza mapema.

Ndigana kali ni jambo jingine kabisa. Kisababishi chake, Theileria parva, si bakteria bali ni kiumbe wa jamii ya protozoa, anayeenezwa na kupe wa kahawia wa sikioni. Tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega huvimba, na baadaye mnyama hupumua kwa shida na povu huweza kutoka puani. Ugonjwa ukifikia hatua hiyo, oksitetrasaiklini haiuponyi. Dawa inayohitajika ni ya kundi jingine, kama vile buparvakuoni. Mfugaji anayechoma OTC siku tatu akingoja nafuu huwa amepoteza siku ambazo dawa sahihi ingeweza kumwokoa ng'ombe wake. Vivyo hivyo, ng'ombe anayekojoa mkojo mwekundu huenda ana babesia, ambaye naye ni protozoa na ana dawa zake.

Hata hivyo, uhusiano wa dawa hii na ndigana kali una upande wa pili ambao wanafunzi wa baiolojia watauona wa ajabu. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Muguga, nchini Kenya, waligundua kuwa ng'ombe mzima akidungwa vimelea hai vya Theileria na papo hapo akachomwa oksitetrasaiklini inayodumu, vimelea hupunguzwa kasi hadi kinga ya mwili iwatambue na kuwashinda. Huo ndio msingi wa chanjo ya ndigana kali inayotumika Tanzania na nchi jirani. Dawa ile ile husaidia siku ya maambukizo, lakini hushindwa tezi zikishavimba.

Njia ya kutofautisha magonjwa haya ni kupima. Mtaalamu huchukua tone la damu na majimaji ya tezi, huyapaka kwenye kioo, huyatia rangi ya Giemsa na kuyatazama kwa hadubini. Mjini Iringa kipo kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania kinachohudumia kanda hii.

Swali la pili: Kipimo ni kiasi gani?

Kichupa cha oksitetrasaiklini huandikwa 5%, 10% au 20%. Namba hizo si mapambo. Dawa ya 5% ina miligramu 50 katika kila mililita. Ya 10% ina miligramu 100. Ya 20% ina miligramu 200. Ile ya 20% kwa kawaida hutengenezwa kwa vimiminika maalumu vinavyoiachia polepole kutoka kwenye msuli, ndiyo maana huitwa dawa ya kudumu. Kipimo chake cha kawaida kwa ng'ombe ni miligramu 20 kwa kila kilogramu ya uzito. Mtaalamu akiona haja, huirudia baada ya saa 72.

Ili kupata kipimo lazima uzito ujulikane. Pasipo mizani, utepe wa fundi cherehani hutosha kwa makadirio. Mzunguko wa kifua hupimwa nyuma tu ya miguu ya mbele, na urefu wa mwili hupimwa kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Vipimo vyote viwe katika sentimita. Kisha:

Uzito (kg) = mzunguko × mzunguko × urefu ÷ 10,840

Uchukuliwe mfano wa ng'ombe mwenye mzunguko wa sentimita 160 na urefu wa sentimita 130.

Uzito = 160 × 160 × 130 ÷ 10,840 = kilogramu 307.
Dawa inayohitajika = 307 × 20 = miligramu 6,140.
Ujazo wa dawa ya 20% = 6,140 ÷ 200 = mililita 30.7.

Sasa yalinganishwe makosa mawili ya kawaida. Mfugaji wa kwanza hakupima. Alikisia kuwa ng'ombe ana kilogramu 200, akachoma mililita 20. Ng'ombe alipata miligramu 4,000, yaani miligramu 13 tu kwa kila kilogramu, ambayo ni theluthi mbili ya kipimo. Wa pili alipima vizuri na kuvuta mililita 30.7, lakini kichupa alichonacho kilikuwa cha 5%. Ng'ombe wake alipata miligramu 1,535, yaani robo ya kipimo. Wote wawili wataona nafuu kidogo, kisha ugonjwa utarejea, na huenda wakasema kuwa dawa ni bandia.

Walimu wa hisabati wanaweza kuonyesha pia kuwa mzunguko hupimwa kwa uangalifu kuliko urefu kwa sababu umezidishwa kwa wenyewe. Kosa la sentimita 5 katika mzunguko wa 160 huongeza uzito kwa zaidi ya asilimia 6, ilhali kosa kama hilo katika urefu wa 130 huuongeza kwa asilimia 4 hivi.

Swali la tatu: Dawa ichomwe wapi na vipi?

Dawa ya kudumu huchomwa ndani ya msuli, hasa msuli wa shingo. Paja huepukwa, kwa kuwa dawa hii huwasha msuli na kuacha kovu, na paja ndilo lenye nyama ya thamani zaidi. Kwa ng'ombe mzima ni desturi kutozidisha mililita 10 mahali pamoja, isipokuwa lebo ikisema vingine. Mililita 30.7 za mfano uliotangulia zitagawanywa basi katika sehemu nne, pande zote mbili za shingo. Kwa ndama, mililita 5 kwa kila mahali hutosha.

Mnyama afungwe imara kwanza, na mahali pa kuchoma pasafishwe kwa spiriti. Sindano ikishaingia, bomba huvutwa nyuma kidogo. Damu ikionekana, sindano imeingia kwenye mshipa, nayo hutolewa na kuchomwa mahali pengine. Tahadhari hii ina sababu ya kikemia. Oksitetrasaiklini hushikamana na kalsiamu. Ikiingia kwa ghafla katika damu hunyakua kalsiamu ambayo moyo huihitaji ili upige, na mnyama huweza kuanguka. Tena, vimiminika vya dawa ya kudumu havikutengenezwa kwa ajili ya mshipa. Kwa sababu hiyo hiyo ya kikemia, dawa hii haichanganywi katika bomba moja na dawa ya kalsiamu inayotumiwa kutibu homa ya maziwa.

Jambo jingine ni sindano yenyewe. Ndigana baridi haienezwi na kupe peke yake. Damu kidogo iliyobaki kwenye sindano yaweza kumwambukiza ng'ombe anayefuata. Hivyo mtu anayepita banda hadi banda akichoma OTC kwa sindano moja aweza kueneza ugonjwa ule ule anaodhani anautibu. Kila ng'ombe awe na sindano yake safi. Mabomba ya chuma au kioo yanayotumiwa tena hayana budi kufunguliwa, kuoshwa na kuchemshwa kwa dakika 20. Sindano zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko, zisitupwe jalalani ambako watoto hucheza.

Kichupa kihifadhiwe mahali penye kivuli na ubaridi, mbali na watoto. Dawa iliyopita tarehe yake, au iliyogeuka kuwa nyeusi, imeharibika na haifai. Wala dawa ya mifugo isitumiwe kwa binadamu, hata kama jina la dawa ni moja.

Swali la nne: Maziwa yasubiri hadi lini?

Sindano haimalizi safari yake shingoni. Dawa huingia katika damu, na kutoka katika damu huingia kiweleni. Kwa siku kadhaa maziwa hutoka yakiwa na dawa, ingawa hayana rangi, harufu wala ladha ya kuitambulisha. Kuyachemsha, ambako ni desturi njema ya kuua vijidudu, hupunguza sehemu tu ya dawa, hakuiondoi.

Viwango vya kimataifa vya Codex huruhusu si zaidi ya mikrogramu 100 za oksitetrasaiklini katika lita moja ya maziwa, na mikrogramu 200 katika kilogramu ya nyama ya ng'ombe. Muda wa kusubiri ni muda unaohitajika ili dawa ishuke chini ya kiwango hicho. Muda huo hutofautiana kati ya dawa na dawa. Zipo dawa za kudumu ambazo lebo zake hutaja siku 7 kwa maziwa na siku 28 kwa nyama, na zipo zinazotaja zaidi. Lebo ndiyo hufuatwa, na siku huhesabiwa kutoka sindano ya mwisho, si ya kwanza.

Namna dawa inavyopungua yaweza kuelezwa kwa mfuatano wa kijometri. Kwa ajili ya zoezi tu, ichukuliwe kuwa maziwa yana mikrogramu 3,200 kwa lita na kwamba kiasi hicho hupungua nusu kila siku. Siku zinazofuata kitakuwa 1,600, kisha 800, 400, 200, na siku ya tano 100. Siku ya tatu mfugaji hujiona amesubiri vya kutosha, kumbe kiasi kilichobaki ni mara nne ya kile kinachoruhusiwa.

Hasara haikai kwa mwenye ng'ombe peke yake. Ng'ombe mmoja akitoa lita 8 zenye mikrogramu 2,000 kwa lita, na maziwa hayo yakamiminwa katika keni ya lita 40 kwenye kituo cha kukusanyia, keni nzima itakuwa na mikrogramu 400 kwa lita. Maziwa safi ya majirani wanne au watano yameharibiwa na lita nane. Kiwandani, maziwa ya namna hiyo huweza kukataa kuganda, kwa kuwa dawa haibagui kati ya bakteria wa ugonjwa na bakteria wema wa mtindi.

Jaribio la darasani

Ukweli huo wa mwisho waweza kuonyeshwa shuleni bila vifaa vya gharama. Yatafutwe maziwa kutoka kwa ng'ombe ambaye hajachomwa dawa kwa muda wa mwezi mzima. Yachemshwe, yapozwe hadi nyuzi 43 hivi, na yagawanywe katika vyombo viwili vya lita moja moja. Mwalimu, akiwa amevaa glavu, atie tone moja la oksitetrasaiklini ya 10% katika chombo cha pili. Tone lina ujazo wa mililita 0.05 hivi, nalo hubeba miligramu 5 za dawa. Katika kila chombo kitiwe kijiko kimoja cha mtindi mpya, kisha vyombo vyote viwili vizungushiwe blanketi moja na kuachwa usiku kucha. Katika baridi ya Iringa ya mwezi Juni na Julai, maji ya moto katika chupa zilizowekwa kando yatasaidia.

Asubuhi chombo cha kwanza kitakuwa kimeganda. Cha pili kitabaki maji maji au kitachelewa sana. Wanafunzi wasiyaonje maziwa hayo, wala yasipewe ndama au mbwa. Yamwagwe katika shimo na kufukiwa.

Mwalimu asikose kueleza mpaka wa jaribio hili. Chombo cha pili kilikuwa na mikrogramu 5,000 kwa lita, yaani mara 50 ya kiwango kinachoruhusiwa. Maziwa yenye dawa kidogo zaidi yaweza kuganda vizuri na bado yakawa hayafai. Kwa hiyo kuganda kwa mtindi si cheti cha usalama. Cheti cha mfugaji ni daftari lake, lenye jina la ng'ombe, tarehe ya sindano, dawa, kipimo, na tarehe ambayo maziwa yataruhusiwa.

Usugu wa bakteria

Katika kundi la mamilioni ya bakteria, wachache huwa na uwezo wa kuisukuma tetrasaiklini nje ya chembe zao, au wa kuikinga ribosomu isishikwe. Dawa ikitolewa pungufu, bakteria dhaifu hufa au husimama, na hao wachache hubaki na uwanja wote. Zaidi ya hayo, uwezo huo mara nyingi hubebwa katika vipande vidogo vya DNA viitwavyo plasmidi, ambavyo bakteria mmoja huweza kumpa mwingine, hata asiye wa aina yake. Bakteria wa tumbo la ng'ombe huweza hivyo kumrithisha usugu bakteria wa tumbo la binadamu, kwa njia ya samadi, maji au mikono.

Doksisaiklini, inayotumika kutibu kipindupindu na magonjwa mengine ya watu, ni ndugu wa oksitetrasaiklini. Usugu dhidi ya mmoja mara nyingi hupunguza nguvu ya mwenzake. Hapo ndipo kosa lililofanyika bandani linapofika hospitalini. Kwa kutambua hatari hiyo, Tanzania ilianza mwaka 2017 kutekeleza mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa, ambao huzihusisha pamoja sekta za afya ya binadamu na za mifugo.

Kwa muhtasari, oksitetrasaiklini ni salama pale inapopewa ugonjwa wake, kwa uzito uliopimwa, kwa sindano safi, na pale maziwa yanaposubiri siku zake. Kinga bora zaidi ni ile inayoondoa haja ya sindano: kuogesha mifugo dhidi ya kupe, kuchanja, na kuliweka banda katika hali ya usafi.

Maswali

1. Ndama ana mzunguko wa kifua wa sentimita 100 na urefu wa sentimita 90. Kadiria uzito wake, kisha tafuta ujazo wa dawa ya 20% unaohitajika kwa kipimo cha miligramu 20 kwa kilogramu. Dawa hiyo igawanywe mahali pangapi? (Jibu: kilogramu 83, mililita 8.3, mahali pawili.)

2. Ng'ombe amechomwa dawa Jumatatu saa 1 asubuhi na kurudiwa Alhamisi saa ile ile. Lebo inataja siku 7 kwa maziwa. Maziwa yataruhusiwa lini? (Jibu: Alhamisi ya wiki inayofuata, saa 1 asubuhi.)

3. Eleza kwa nini oksitetrasaiklini huponya ndigana baridi lakini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kukomaa.

4. Kwa nini katika jaribio la mtindi vyombo vyote viwili viwekwe katika blanketi moja na kutiwa kiasi sawa cha mtindi?

5. Jadili: mfugaji mwenye ng'ombe mmoja atapoteza mapato ya siku 7 akisubiri. Ni utaratibu gani ambao chama cha wafugaji wa maziwa cha kijiji kingeweza kuuweka ili asishawishike kuyapeleka maziwa hayo kituoni?